Tanzania: Gari la umeme katika kitalu cha uwindaji, na mambo ya kupima kabla ya kulinunua

Msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa nchini Tanzania mwezi Julai, nyasi zinapoanza kukauka. Kazi ya kila siku inayokula muda na fedha kambini ni usafiri. Gari huondoka kabla ya alfajiri kufuata nyayo, hurudi mchana, hutoka tena alasiri; jingine hupeleka maji, hukagua njia, hurudisha nyama, na hubeba askari wa wanyamapori wanaokwenda doria. Yote hayo hufanyika mahali ambapo kituo cha mafuta kiko mbali na fundi yuko mbali zaidi. Ndiyo maana pendekezo la gari lisilotumia mafuta huvutia haraka. Linastahili kusikilizwa, ila kwa hesabu.

Kwa wasikilizaji wetu waishio karibu na mpaka, ardhi tunayoizungumzia si ya mbali. Mto Malagarasi, ambao kwa sehemu ya safari yake ndio mpaka wa Burundi na Tanzania, huingia katika vinamasi vya Moyowosi, ndani ya ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi iliyoandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2000. Huko wawindaji huenda kumtafuta nzohe, swala wa majini, na nyati wa nyanda za mafuriko. Vitalu vingine vimetawanyika katika misitu ya miombo ya magharibi, katikati na kusini mwa nchi. Msimamizi wa mapori ya akiba ni Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Kando ya mapori hayo zipo Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori, ambamo vijiji hutenga ardhi yao na kugawana mapato yatokanayo na uwindaji au utalii wa picha. Katika jumuiya hizo fedha ya gari ni fedha ya vijiji, na gari lililochaguliwa vibaya huonekana katika doria ambazo hazikufanyika.

Magari ya umeme yenyewe si mageni porini. Mwaka 2018 kampuni moja ya safari ilianza kutumia gari la umeme katika Hifadhi ya Serengeti. Nchini Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu mwaka 1977, kampuni ya Opibus ya Nairobi, ambayo sasa inaitwa Roam, ilijijengea jina kwa kung'oa injini za dizeli katika magari ya safari na kuweka mota na betri. Lakini gari la kupiga picha hurudi kwenye hoteli yenye umeme, tena kwa njia zilizochongwa. Kitalu cha uwindaji ni jambo jingine.

Magari tunayoyajadili zaidi hapa ni yale madogo ya kazi: viti viwili au zaidi, sanduku la mizigo nyuma, matairi mapana, mara nyingi bila milango wala vioo. Huko Marekani ni chombo cha kawaida cha mkulima na mwindaji. Lile la umeme linalotajwa sana ni Polaris Ranger XP Kinetic, lililotangazwa Desemba 2021 likiwa na mota ya nguvu farasi 110. Lilitolewa kwa ukubwa wa betri aina mbili: kilowati-saa 14.9, ambayo mtengenezaji aliikadiria kilomita 72 kwa chaji moja, na kilowati-saa 29.8, iliyokadiriwa kilomita 130 hivi. Bei ya kutangazwa ilikuwa karibu dola 25,000 za Kimarekani kwa lenye betri ndogo na karibu 30,000 kwa lenye betri kubwa, kabla ya meli, bandari na ushuru. Tunalichukua kama kipimo cha hesabu zetu kwa sababu takwimu zake zinajulikana. Hatulipigii debe.

Anza na siku ndefu kuliko zote

Muuzaji atakuonyesha nguvu farasi. Mnunuzi wa kitalu aanze na ramani.

Tuchukue kitalu cha kilomita za mraba 1,000, kiwango kisicho cha ajabu nchini Tanzania. Kama kingekuwa mraba kamili, kila upande ungekuwa karibu kilomita 32, na kutoka kambi iliyo katikati hadi pembeni kabisa ni kilomita 22 kwa mstari ulionyooka. Njia za porini hazinyooki: hukwepa makorongo, hutafuta vivuko, huzunguka mbuga zenye maji. Ongeza nusu ya umbali huo na utapata kilomita 33 kwenda, 66 kwenda na kurudi. Na kambi nyingi haziko katikati. Hujengwa penye mto na kivuli, ambako huenda kukawa ukingoni mwa kitalu, na hapo umbali wa pembe ya mbali huweza kukaribia maradufu.

Sasa weka makadirio ya mtengenezaji pembeni. Umbali huo hupimwa kwa mwendo wa wastani na ardhi ngumu. Mchanga, nyasi ndefu, mzigo, kupanda na kushuka, na askari wanne badala ya mmoja hula betri kwa kasi nyingine. Ushauri wetu ni kupanga kazi kwa nusu ya umbali ulioandikwa. Kwa nusu hiyo, betri ndogo inatoa kilomita 36: haifiki pembeni ikarudi. Betri kubwa inatoa kilomita 65, yaani inafika na kurejea ikiwa tupu, hali ambayo hakuna msimamizi mwenye busara atakayeipanga.

Kwa hiyo gari dogo la umeme lina mduara wake, na nje ya mduara huo halifai. Ndani ya kilomita 15 au 20 kutoka kambini ziko kazi nyingi: maji, kuni, kukagua mitego ya kamera, kupeleka chakula kwa kambi ndogo ya askari, doria ya jioni, kumfikisha mgeni mahali pa kuanzia kutembea. Kazi hizi hurudiwa kila siku na ndizo humaliza injini ya gari kubwa kwa safari fupi fupi. Kampuni inayolinunua gari la umeme ili kupumzisha gari kubwa imefanya jambo la maana. Inayolinunua ili kuliondoa gari kubwa itajuta kabla ya Septemba.

Umeme unatoka wapi?

Hili ndilo swali ambalo matangazo huliruka. Kambi ya uwindaji haina nguzo za umeme. Ina jenereta, na siku hizi mara nyingi ina paneli za jua.

Tuanze na jenereta. Jenereta ndogo ya dizeli hutoa takriban kilowati-saa 3 kwa lita moja. Gari likitembea kilomita 40 za ardhi ngumu kwa siku litahitaji karibu kilowati-saa 18, nazo ni lita 6, bila kuhesabu umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Kiasi hicho hakitofautiani sana na kile ambacho gari dogo la petroli lingekunywa kwa umbali uleule. Anayechaji kwa jenereta amebadilisha tangi tu. Pipa la mafuta bado linapaswa kuja kambini juu ya lori. Huenda akafaidika pale ambapo jenereta inawaka kwa vyovyote, kwa ajili ya chumba cha baridi cha nyama, lakini hiyo ni faida ndogo.

Jua ndilo linalobadilisha hesabu. Paneli moja ya wati 550, kwa saa tano za jua kali na baada ya kuondoa kinachopotea kwa joto, vumbi na nyaya, itatoa kama kilowati-saa 2 kwa siku. Kwa kilowati-saa 18 tunahitaji paneli 9, na busara inasema 12, kwa kuwa mwishoni mwa msimu wa kiangazi moshi wa mioto ya nyasi hufifisha jua na vumbi hutanda juu ya kioo. Paneli zifutwe, kambi nyingi husahau.

Ratiba ya uwindaji inalingana na jua kuliko ratiba ya utalii wa kawaida. Wanyama hupumzika wakati wa joto, na wawindaji nao. Gari lirudilo saa tano asubuhi na kuondoka saa kumi jioni lina muda wa kuchajiwa moja kwa moja kutoka kwenye paneli wakati jua liko utosini. Kwa chaja ya kilowati 3, saa nne za mchana huingiza kilowati-saa 12. Zilizobaki zitahitaji betri za akiba kambini ili kuchaji usiku, na betri hizo ni gharama ambayo lazima iandikwe katika karatasi ileile ya bei ya gari. Tukisema wazi: anayepiga bajeti ya gari pekee bila paneli, betri za akiba na kibadilisha umeme, amepiga bajeti ya nusu ya chombo.

Betri, joto, na uzito wa nyati

Zipo aina mbili sokoni. Betri za asidi, ndugu wa ile iliyomo katika kila lori, ni rahisi na fundi yeyote anazijua. Lakini ni nzito, na zikishushwa mara kwa mara chini ya nusu ya chaji hufa mapema, hivyo nusu ya umeme ulioununua huwezi kuutumia. Magari yake mengi yametengenezwa kwa ajili ya viwanja na bustani. Gator ya umeme ya John Deere, kwa mfano, husukumwa na magurudumu mawili tu na mwendo wake wa juu ni kama kilomita 24 kwa saa. Kwenye majani ya uwanja wa gofu ni chombo kizuri. Katika korongo la mchanga litakaa.

Betri za lithiamu ni nyepesi kwa umeme uleule, na zile zenye chuma na fosfati hustahimili kuchajiwa mara elfu mbili na zaidi zikitunzwa. Adui wake huku kwetu ni joto. Betri nyingi za namna hiyo haziruhusu kuchajiwa zikiwa zimepita nyuzi joto 45, na gari lililoachwa juani mwezi Oktoba katika mabonde ya kusini mwa Tanzania linaweza kukaribia hapo bila kutembea hata hatua. Kituo cha kuchajia kiwe na paa la makuti au mabati yaliyoinuliwa, upepo upite chini na juu. Gari likirudi likiwa la moto, lisubiri kwanza.

Kuhusu mzigo, wanunuzi wengi hudanganyika kwa neno «kazi» lililo katika matangazo. Dume la nyati lina kilo 600 hadi 800. Sanduku la gari tulilolitaja limeruhusiwa kubeba kilo 567. Nyati hatoshi, na hata pundamilia mzima, anayeingia kwa uzito, atalizidi kwa umbo. Trela la hadi kilo 1,134 linaruhusiwa, lakini kulivuta trela hilo kupitia mchanga ni kuikata tena ile nusu ya umbali. Nyama ya mnyama mkubwa itaendelea kurudi kwa gari kubwa la dizeli, au itagawanywa vipande na kusafirishwa kwa zamu. Wapo watakaochagua njia ya tatu, yaani gari kubwa kuukuu lililobadilishwa kuwa la umeme kama yale ya Kenya. Hilo hubeba, na fundi wa kijijini anazijua springi zake. Ila hula umeme mwingi zaidi kwa kila kilomita na hudai paneli nyingi zaidi.

Ardhi, miiba na mbung'o

Mota ya umeme hutoa msukumo wake wote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, na dereva huweza kutambaa polepole bila kuunguza klachi. Katika mchanga na miteremko ya mawe hiyo ni nafuu kubwa. Haisaidii kitu katika udongo mweusi wa mbuga baada ya mvua: huko hujaza matairi na kuyageuza mabonge laini, na chombo chochote, kiwe cha petroli au cha umeme, hukaa mpaka jua litoke. Kwa hiyo winchi ni lazima, na dereva ajue kwamba kuvuta kwa winchi kunakula betri ileile itakayomrudisha nyumbani.

Faida nyingine haitajwi sana. Nyasi kavu na mbegu zake hujikusanya chini ya magari na kushika moto kwenye bomba la moshi. Wapo waliopoteza gari zima porini namna hiyo. Gari la umeme halina bomba la moshi. Hata hivyo nyasi ziondolewe kila siku, kwa kuwa huziba njia za kupoza mota. Matairi yawe ya tabaka nene dhidi ya miiba ya migunga, na vifaa vya kuziba matundu vikae garini. Kuhusu vivuko, uliza alama ya ukinzani wa maji ya betri, chaja na viunganishi vya nyaya, kila kimoja peke yake. Muuzaji atakutajia ya betri, kwa kuwa ndiyo bora zaidi.

Halafu wako mbung'o. Katika miombo ya magharibi hufuata kitu kikubwa kinachotembea, na huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi. Ndizo rangi za vitambaa vinavyotumika kuwatega. Gari lisilo na vioo, lenye mwendo wa pole, lililopakwa buluu iliyoiva, ni mwaliko kwao, na mbung'o hueneza malale. Chagua rangi ya mchanga au kijani kilichofifia, na ongeza kioo cha mbele na wavu wa pembeni. Dereva anayejipiga mabega muda wote haoni shimo lililo mbele.

Ukimya wake

Sifa inayosifiwa kuliko zote ni ukimya, nayo ina pande mbili.

Sheria ya Tanzania inakataza kuwinda kutoka ndani ya gari. Gari humfikisha mtu. Kumfuata mnyama ni kwa miguu, pamoja na mwindaji bingwa na askari wa wanyamapori. Chombo kinachokaribia bila mlio kinaongeza kishawishi cha kufyatua kutoka kitini, na msimamizi anapaswa kuliweka hilo katika kanuni za kambi tangu siku ya kwanza. Tena nyati hasikii tu, hunusa. Upepo ukiwa nyuma yako ukimya haukusaidii. Na upepo ukiwa upande wako, unaweza kumkuta tembo au nyati majeruhi kwenye kona ya njia, yeye hakukusikia nawe hukumwona, katika gari lisilo na mlango. Madereva waliozoea injini huitegemea iwaarifu wanyama bila wao kujua. Katika vichaka vizito dereva apunguze mwendo na agonge bodi. Warina asali na wakata majani wanaoruhusiwa kuingia katika ardhi ya vijiji nao hawatamsikia.

Kwa doria, upande wa pili unang'aa. Usiku usio na upepo mlio wa dizeli husikika kutoka mbali sana, na jangili ana muda wa kuzima moto, kuficha nyama na kuondoka kabla taa hazijaonekana. Askari wanaofika bila mlio wamerudishiwa muda huo. Nchini Afrika Kusini pikipiki za umeme za kampuni ya Sweden iitwayo Cake zilipelekwa kwa kazi hii hasa, kwa kushirikiana na Chuo cha Wanyamapori cha Kusini mwa Afrika. Kama tungepaswa kutaja sababu moja inayotosha kuinunulia jumuiya ya vijiji gari la umeme, tungetaja hii kabla ya bei ya mafuta.

Cake hiyohiyo iliomba kufilisiwa Februari 2024, na habari yake inatuleta kwenye vipuri. Breki, raba na bearingi za gari dogo hupatikana au huigizwa Arusha na Dar es Salaam. Kidhibiti cha mota, chaja na programu inayosoma hitilafu haviigizwi. Mnunuzi aulize nani ndani ya Tanzania ana kompyuta ya kuisoma gari hiyo, kidhibiti cha akiba kiko ghala gani, na nani atalipa fundi kusafiri siku mbili. Betri ya akiba nayo haiji kwa haraka: tangu Aprili 2016 kanuni za kimataifa za usafiri wa anga zinakataza betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kupakiwa kama mizigo katika ndege za abiria. Itakuja kwa ndege ya mizigo au kwa meli, na msimu hautaisubiri.

Kabla ya kulipa, omba jaribio katika kitalu chenyewe: mapipa mawili ya maji nyuma, watu wanne, mchanga, mchana wa joto, na geji ya betri isomwe kila baada ya kilomita tano. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake atakubali, au atakupa la kukodi kwa wiki moja.

Msimu ukifungwa na mvua zikafunga njia, gari la umeme halitaki kuachwa limejaa chaji wala tupu. Betri ya lithiamu iachwe karibu na nusu, swichi kuu izimwe, gari liinuliwe juu ya magogo chini ya paa. Mlinzi apite mara moja kwa mwezi kuangalia geji, na ainue kiti kutazama nyaya, kwa maana panya wa porini hupenda kulala hapo, na hutafuna raba yake kabla ya kutafuta kitu kingine.